Majina ya wavulana wa Kibajuni: maana yake, yalikotoka na namna yanavyoandikwa

Katika visiwa vya Wabajuni na pwani ya Kismayo, mtoto wa kiume hupewa jina mara moja, lakini jina hilo huandikwa mara nyingi. Mtoto aliyeitwa Athumani kwa heshima ya babu yake aweza kuwa Athman katika daftari la chuo, Cismaan katika karatasi za serikali ya Somalia, Othman katika kitambulisho cha Kenya na Osman katika pasipoti ya Ulaya. Jina ni moja na mtu ni mmoja. Kwa karani asiyejua asili ya jina hilo, hao ni watu wanne.

Ndiyo maana kujua jina limetoka wapi si jambo la udadisi tu kwa jamii hii. Tangu kuanguka kwa serikali kuu ya Somalia mwaka 1991, Wabajuni wengi walihama kwa mashua kwenda Kenya, na wengine wakafika Yemen, Uingereza na nchi nyingine za mbali. Kila walikopita waliulizwa swali lile lile: jina lako nani, na la baba yako nani? Makala haya yanaeleza majina ya wavulana yanayosikika zaidi kuanzia Kismayo, kupitia Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na Darakasi, hadi Ras Kiamboni: maana yake, yalikotoka, na sura mbalimbali ambazo kila jina huvaa katika maandishi.

Siku ya saba

Kama ilivyo kwa Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, mtoto anapozaliwa husomewa adhana katika sikio la kulia. Jina hutangazwa aghalabu siku ya saba, siku ya akika, ambapo mtoto hunyolewa nywele na mnyama huchinjwa. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi katika pwani hii, mtoto wa kiume huchinjiwa wanyama wawili na wa kike mmoja. Mwenye uwezo mdogo hutoa alichojaaliwa.

Uchaguzi wa jina si wa wazazi peke yao. Desturi iliyoenea katika pwani yote ya Waswahili ni kumpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, na anayefuata jina la babu mzaa mama. Kwa hiyo katika ukoo mmoja jina hurudi kila baada ya kizazi: Bakari humzaa Omari, naye Omari humzaa Bakari. Baba aliyempa mwanawe jina la mzazi wake huona uzito kulitaja jina hilo kwa ukali, na katika nyumba nyingi mtoto wa namna hiyo huitwa tu "baba" au "babu", au hupewa lakabu ya nyumbani. Matokeo yake ni kwamba watu wa mtaani huweza kumfahamu mtu kwa lakabu kwa miaka mingi bila kulijua jina lake la akika. Jambo hilo halina madhara kijijini. Huleta tabu siku anapohitajika shahidi wa kumtambua mbele ya ofisa.

Jina kamili husomwaje

Jina la Mbajuni, kama la Msomali jirani yake, ni mnyororo wa wazazi wa kiume. Mohamed Shee Athman ni Mohamed, mwana wa Shee, mwana wa Athman. Zamani neno "bin" liliwekwa kati ya jina na jina. Leo mara nyingi huachwa. Hakuna jina la ukoo linalorithiwa na wote kama ilivyo Ulaya.

Hapo ndipo utata hutokea ugenini. Baba akiwa Shee Athman Bakari na mwanawe akiwa Mohamed Shee Athman, jina la mwisho la baba ni Bakari na la mwana ni Athman. Ofisa aliyezoea kuona baba na mwana wakishiriki jina la mwisho aweza kutilia shaka kwamba hao ni baba na mwanawe. Kumbe tofauti hiyo ndiyo uthibitisho: jina la kwanza la baba limekuwa la pili kwa mwana, na la pili limekuwa la tatu. Mnyororo umesogea pete moja, kama inavyopasa.

Majina ya Mtume na masahaba

Kundi kubwa kuliko yote ni la majina ya Kiarabu yaliyoingia pamoja na dini.

Mohamed maana yake ni mwenye kusifiwa sana. Ahmed, ambalo Waswahili hulitamka pia Ahmadi na Hamadi, latokana na mzizi huo huo wa sifa. Ndimo yalimotoka pia Mahmudi na Hamidi. Kwa Kisomali huandikwa Maxamed na Axmed. Ufupisho wa mitaani katika pwani ya Kiswahili ni Mudi.

Bakari ni kifupi cha Abubakar, khalifa wa kwanza. Kwa maneno ya Kiarabu ni "baba wa ngamia mchanga". Wasomali husema Abuukar, na sura ya zamani zaidi ya jina hilo kwao ni Abokor.

Omari, au Omar, lina udugu na neno "umri": ni jina la maisha na ustawi. Kwa Kisomali ni Cumar.

Athumani, khalifa wa tatu, hufafanuliwa na wanalugha wa Kiarabu kuwa kinda la ndege wa jangwani. Hili ndilo jina linalobadilika sura kuliko mengine. Kiarabu kina sauti ya "th" ambayo Kiswahili kimeihifadhi. Kisomali hakina sauti hiyo, hivyo kikaweka "s" na kupata Cismaan. Waturuki nao walifanya hivyo hivyo na kupata Osman. Athumani, Athman, Othman, Uthman, Usman, Osman na Cismaan ni jina moja.

Ali ni aliye juu, aliyetukuka. Hasani ni mwema au mzuri, na Huseni ni udogo wa jina hilo hilo, kana kwamba kusema "Hasani mdogo". Ndiyo sababu pacha wawili wa kiume mara nyingi huitwa Hasani na Huseni. Kwa Kisomali ni Cali, Xasan na Xuseen.

Awesi, au Uwesi, lina historia ya karibu zaidi. Asili yake ni Uways al-Qarani, mcha Mungu wa Yemen aliyeishi zama za Mtume bila kubahatika kumwona. Katika pwani hii, hata hivyo, jina hilo lilipata nguvu kwa sababu ya Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyezaliwa mwaka 1847 na kuuawa mwaka 1909. Yeye ndiye aliyeieneza tarika ya Qadiriyya kutoka Barawa hadi Zanzibar na bara ya Tanganyika. Wapo waliowapa watoto wao jina lake kwa kutafuta baraka, na wengine wakachagua Abdulkadiri, jina la sheikh wa Baghdad aliyefariki mwaka 1166, ambaye tarika hiyo imeitwa kwa jina lake.

Majina ya manabii

Majina ya manabii yalipita katika Kiarabu, lakini mengi asili yake ni Kiebrania, na maana zake hupatikana huko.

Ibrahimu, ambalo wazee wengine hulitamka Burahimu, hufasiriwa kuwa baba wa watu wengi. Ismaili ni "Mungu husikia". Isihaka ni "atacheka", kwa kukumbuka kicheko cha mama yake alipobashiriwa mtoto katika uzee. Yusufu ni "Mungu ataongeza". Daudi ni mpendwa. Selemani latokana na amani. Wasomali huligeuza kuwa Saleebaan, sura ambayo mgeni hawezi kuitambua kwa urahisi. Yahya, kwa Kiarabu, husikika kama "anaishi", na kwa sababu hiyo hupendwa na wazazi waliotangulia kufiwa na mtoto. Nuhu ni pumziko.

Kwa watu wa bahari, majina mawili yana ladha ya pekee. Nuhu ni nabii wa jahazi. Yunusi, ambalo kwa Kiebrania lina maana ya njiwa, ni nabii aliyemezwa na samaki mkubwa akaokoka. Si ajabu kulikuta jina hilo katika familia ambazo riziki yake yote imo ndani ya maji.

Abdi peke yake hakujatimia

Majina yanayoanza na Abdu yana muundo mmoja: neno "abd", yaani mja au mtumishi, likifuatwa na jina la Mwenyezi Mungu. Abdallah ni mja wa Mungu. Abdulrahmani ni mja wa Mwingi wa Rehema. Abdulkarimu ni mja wa Mkarimu, Abdulazizi mja wa Mwenye Enzi, Abdulrazaki mja wa Mwenye Kuruzuku. Kwa mujibu wa Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Imamu Muslim, Abdallah na Abdulrahmani ndiyo majina yanayopendeza zaidi mbele ya Mungu.

Watu wengi hukatiza majina haya kuwa Abdi, au Dula kwa Abdallah. Kwa mazungumzo haina tatizo. Katika karatasi, Abdi ni nusu ya jina: ni "mja wa", bila kusema wa nani. Mtu aliyeandikishwa Abdi katika hati moja na Abdulrahmani katika nyingine amejitengenezea watu wawili. Walimu wa dini nao huonya juu ya ukatizaji wa upande wa pili: kumwita mtu Rahmani au Razaki bila Abdu ni kumpa kiumbe jina la Muumba.

Vyeo vilivyogeuka majina

Hapa ndipo penye alama ya Wabajuni wenyewe na ndugu zao wa Lamu na Pate. Majina yaliyotangulia hupatikana kuanzia Morocco hadi Indonesia. Haya yanayofuata humtaja mtu wa pwani ya kaskazini ya Waswahili.

Shee ni sura ya kienyeji ya neno sheikh, au shehe. Katika pwani kuanzia Lamu hadi visiwa vya Kismayo halikubaki cheo. Limekuwa jina kamili la akika. Mtoto mchanga huitwa Shee bila kuwa mwanachuoni, kwa sababu babu yake aliitwa Shee. Karani asiyeijua desturi hii huweza kulidhania kuwa cheo na kuliruka, au "kulisahihisha" likawa Sheekh. Mohamed Shee Athman akiandikwa Sheekh Mohamed Athman, amepandishwa cheo asichokuwa nacho na amepokonywa jina la baba yake.

Bwana lilikuwa jina la heshima la watu wenye nasaba na utawala katika visiwa vya Pate. Mmoja wa watawala wa Pate alijulikana kwa jina la Bwana Tamu. Bwana Mataka wa Siyu, mume wa mshairi Mwana Kupona, aliongoza mapambano dhidi ya majeshi ya Seyyid Said wa Zanzibar katika miaka ya 1840. Leo neno hilo hubaki ndani ya majina kama Bwanaheri na Bwanamkuu, na kwa wengine husimama peke yake. Upande wa wanawake lina mwenzake, Mwana, kama katika Mwanaisha.

Mwinyi, au Mwenye, ni mwenye mali au mwenye mji. Zanzibar ilikuwa na mtawala wa kienyeji aliyeitwa Mwinyi Mkuu, na jina hilo lilifika Ikulu ya Tanzania kwa Ali Hassan Mwinyi, Rais kuanzia mwaka 1985 hadi 1995.

Fumo ni la kale kuliko yote katika kundi hili, na ni la Kibantu tupu. Katika Kiswahili cha zamani fumo ni mkuki, na pia ni kiongozi. Lina udugu na neno mfumu, lenye maana ya mtawala katika lugha nyingi za Kibantu. Shujaa Fumo Liyongo hujulikana kila penye Waswahili. Fumo Madi alitawala Pate karne ya 18 ilipokuwa ikimalizika, na Ahmed, aliyeanzisha usultani wa Witu na kupewa lakabu ya Simba, alikuwa mwana wa Fumo Luti. Jina la Fumo halisikiki tena sana miongoni mwa watoto wa leo. Bado hupatikana katika nasaba za wazee, na kila linapotajwa hukumbusha kwamba pwani hii ilikuwa na watawala waliotajwa kwa neno la lugha yao wenyewe.

Kwa kundi hili yapasa kuongeza Haji, Sharifu, Khatibu na Mwalimu. Haji alikuwa kwanza ni mtu aliyehiji, kisha likawa jina la mtoto aliyezaliwa katika mwezi wa hija, kisha jina kama majina mengine. Mwalimu lina mwenzake wa Kisomali, Macallin, na mara nyingine mtu mmoja huandikwa yote mawili katika hati tofauti.

Siku, mwezi na hali ya kuzaliwa

Juma ni aliyezaliwa Ijumaa, Hamisi ni wa Alhamisi. Rajabu, Shaabani na Ramadhani ni miezi mitatu inayofuatana. Idi ni mtoto wa sikukuu. Majina haya hayahitaji kamusi, na zamani yalikuwa na faida nyingine: mahali pasipo cheti cha kuzaliwa, jina lilihifadhi sehemu ya tarehe. Mtu aitwaye Shaabani huenda asiujue mwaka wake wa kuzaliwa, lakini mwezi anaujua.

Mengine husimulia hali ya nyumba. Mashaka, Shida na Taabu ni majina ya watoto waliozaliwa wakati mgumu. Faraji ni faraja baada ya dhiki. Bahati, Heri na Saidi ni majina ya neema. Saidi kwa Kiarabu ni mwenye bahati njema. Salimu ni aliyesalimika. Masudi naye ni mwenye bahati.

Wazazi waliofiwa na watoto mfululizo, katika pwani ya Waswahili, walikuwa wakimpa anayefuata jina la unyonge, kama Mtumwa, ili jicho baya lisimwone kuwa na thamani. Kwa hiyo jina la dharau laweza kuwa limefunika upendo mkubwa, na si haki kuhukumu nasaba ya mtu kwa kulisikia tu.

Lipo pia kundi la majina yaliyohusishwa na utumwa katika karne ya 19: Mabruki, Feruzi, Almasi, Faraji, Baraka. Mabwana waliwapa watumwa majina ya vito na ya baraka. Sidi Mubarak, aliyejulikana kwa lakabu ya Bombay kwa sababu alipelekwa India akiwa mtumwa, ndiye aliyewaongoza Burton, Speke na Stanley katika safari zao za bara. Lakini mzizi huo huo wa baraka uliwapa jina watu wa tabaka la juu: Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyepigana na Waingereza katika pwani ya Kenya mwaka 1895 na 1896, ana jina lenye maana ile ile, aliyebarikiwa. Jina halikuwa la mtumwa wala la mungwana. Watu ndio waliolipa tabaka.

Majina ya Kisomali

Kwa kuishi pamoja na kuoana, baadhi ya familia za pwani zina majina ya Kisomali, na kila mkaaji wa Kismayo huyasikia kila siku.

Warsame ni habari njema. Guled (Guuleed) hutokana na neno guul, ushindi. Roble ni wa mvua: mtoto aliyezaliwa mvua inanyesha. Geedi hutokana na safari ya kuhama ya wafugaji. Raage ni aliyechelewa, yaani mtoto aliyekawia kuzaliwa. Liibaan ni mwenye kufanikiwa. Mataan ni pacha. Mantiki ya majina haya haiko mbali na ya Waswahili: Roble na Masika ni watoto wa wazo moja, ingawa mmoja alizaliwa nyikani na mwingine ufukweni.

Mengine huonekana ya Kisomali kwa sababu ya maandishi, kumbe ni ya Kiarabu. Farah (Farax) ni furaha, Nur (Nuur) ni nuru, na Jama (Jaamac) ni mwenye kukusanya. Mswahili anayo maneno hayo hayo katika lugha yake ya kila siku.

Lakabu nazo ni nguzo ya utambulisho kwa Wasomali, kiasi kwamba huandikwa hata katika hati: Dheere ni mrefu, Gaab ni mfupi, Yare ni mdogo. Mbajuni aliyepewa lakabu ya namna hiyo shuleni au bandarini huweza kuikuta imeingia katika karatasi zake kana kwamba ni jina la babu.

Kwa nini jina moja lina maandishi mengi

Sababu imo katika historia. Zamani majina ya pwani hii yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kwa herufi hizo Athumani na Cismaan ni neno moja lisilo na utata. Kisha zikaja serikali tatu na tahajia tatu za herufi za Kilatini.

Waingereza waliitawala Kismayo kama sehemu ya Jubaland, wakiandika kwa mazoea ya Kiingereza: Sheikh, Haji, Omar. Mwaka 1925 waliikabidhi Italia Jubaland, na Wabajuni wakagawanywa na mpaka: wa Faza na Kiunga wakabaki Kenya, wa Kismayo na visiwa vyake wakawa chini ya Italia. Waitaliano waliandika kama lugha yao inavyotaka. Kismayo ikawa Chisimaio, Sheikh akawa Scek, Haji akawa Hagi, Jama akawa Giama. Baada ya uhuru wa mwaka 1960 mazoea hayo yaliendelea hadi Oktoba 1972, serikali ilipotangaza tahajia rasmi ya Kisomali.

Tahajia hiyo ina kanuni chache ambazo msomaji wa Kiswahili akizishika hatapotea. Herufi C ni sauti ya koo ya Kiarabu ambayo Kiswahili huiacha: Cali ni Ali, Cumar ni Omari, Ciise ni Isa. Herufi X ni "h" nzito: Xasan ni Hasani, Xaaji ni Haji. Vokali ndefu huandikwa mara mbili: Muuse ni Musa, Yuusuf ni Yusufu. Kwa kanuni hizo tatu peke yake, majina mengi ya orodha hii huweza kurudishwa katika sura yake ya Kiswahili.

Kiswahili nacho kina tabia yake ya kumalizia neno kwa vokali. Kusini, hasa Tanzania Bara, huandikwa Omari, Athumani, Hasani. Kaskazini, Lamu na kwa Wabajuni, vokali ya mwisho mara nyingi huachwa: Omar, Athman, Hassan. Zote ni sahihi, lakini si za kuchanganywa katika hati za mtu mmoja.

Jina katika karatasi na katika usaili

Kwa mtu aliyebaki kijijini kwake, tahajia haina uzito. Kwa mkimbizi, mwanafunzi, baharia au mfanyabiashara, ina uzito mkubwa. Hati zisizolingana huzuia malipo, huchelewesha kuunganishwa kwa familia na huzusha maswali katika usaili wa hifadhi. Nchini Uingereza, suala la kumtambua Mbajuni lilifikia kiwango cha kutolewa uamuzi wa mwongozo na baraza la rufaa za uhamiaji mwaka 2004, uliojadili uzito wa kuweza kusema Kibajuni. Lugha ndiyo iliyozungumzwa hapo. Lakini jina ndilo neno la kwanza la lugha ambalo mtu hulitamka anapoketi mbele ya msaili.

Mambo machache huwasaidia wazazi na vijana. La kwanza ni kuchagua tahajia moja siku ya kuandikisha mtoto na kuishika katika cheti, shule, hospitali na pasipoti. La pili ni kuandika majina matatu kamili, ya mtoto, baba na babu, bila kuyakatiza, na bila kuchanganya lakabu ndani yake. La tatu, pale ambapo hati za zamani zimeshatofautiana, ni kupata hati ya kiapo inayoeleza kwamba Cismaan na Athman ni mtu mmoja, na kuiambatisha kila mara. La nne ni kumweleza mkalimani, kabla ya usaili kuanza, kwamba Shee ni jina na si cheo, na kwamba jina la mwisho la baba na la mwana hayapaswi kufanana.

La tano halihitaji ofisi. Ni mzee wa nyumba kuketi na vijana na kuwatajia mnyororo wa majina kurudi nyuma hadi anapokumbuka, na kijana mmoja mwenye kalamu kuyaandika kwa tahajia moja. Katika orodha ya namna hiyo, baada ya Mohamed na Omar na Athman wa vizazi vya karibu, huweza kutokeza Bwana, Mwenye au Fumo. Familia nyingi zilipoteza nyumba, mashua na hati zote katika miaka ya 1990. Majina hayo yaliokoka kwa sababu yalikuwa yamehifadhiwa kichwani, na yatabaki hai kwa kadiri yatakavyoendelea kupewa watoto siku ya saba.